Bitana Nyekundu ya Kimulimuli

Jumapili, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuutangazia ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, waliopo na walioko safarini, kwamba jana alasiri, mbele ya mashahidi wawili ambao ni mimi na paka wa jirani, goti la kulia la Jabali lilikauka rangi bila kushikana na gazeti. Sherehe zilikuwa fupi. Paka alipiga mwayo akaondoka.

Najua utauliza Jabali ni nani. Usihofu, si mkwe. Unamkumbuka yule mwenzangu wa dukani, wa meza ya fremu? Kahamia kwingine, kaniachia boksi la mchezo wa mezani. Ndani mna mashujaa wa plastiki wenye nguvu za ajabu, kila mmoja ana urefu wa kidole cha shahada, na misuli pale ambapo mimi nina kitambi. Wanatoka kiwandani wakiwa kijivu watupu, na mwenye mchezo anatakiwa awapake rangi mwenyewe. Yupo Jabali, mtu wa mawe. Yupo mmoja wa moshi ambaye sijajua miguu yake inaanzia wapi. Na yupo mwanamke anayeruka, anaitwa Kimulimuli, joho limepepea nyuma yake kama pazia la dirisha lililosahauliwa wazi. Mchezo wenyewe sina wa kucheza naye. Kupaka ndiko kulikoniingia.

Basi nicheke tu, nimekwisha kujicheka mwenyewe. Mtu mzima, fundi miwani, nashinda mchana kutwa nikiwasaidia watu waone, jioni nakaa mezani na taa na kioo cha kukuzia, natafuta nyusi za mwanasesere.

Somo la kwanza nimelipata kwa hasara. Nilimpaka Jabali rangi moja kwa moja kutoka kichupani, nene kama uji, nikijiambia nimalize mara moja nipumzike. Asubuhi nikamkuta hana pua. Kumbe rangi huzimuliwa kwa maji, ikapakwa nyembamba, ikasubiriwa, ikapakwa tena. Mwenye haraka hufuta uso wa mwenzake.

Mama hajambo? Bado nashika agizo lako la kutopiga simu. Na kusema kweli barua zinanifaa. Kwenye simu mtu hawezi kufuta.

Mdogo wako,
Bingwa wa Magoti

*

Jumatano, 14 Februari

Bingwa wa Magoti,

Tangazo lako limepokelewa na ukoo uliopo, yaani mimi na cherehani. Cherehani imekupongeza. Mimi nimekumbuka kwamba marehemu Baba alikuomba umpakie mlango wa bafuni, ukasema harufu ya rangi inakupa kizunguzungu. Mlango ule bado unakungoja.

Simu usipige, nimesema na narudia. Mara ya mwisho Mama alisikia sauti yako, akaenda kukutafuta nyuma ya mlango wa chumbani, kisha chini ya kitanda, kisha akakaa akalia mpaka nikashona sare mbili za shule mikono kinyumenyume. Sauti bila mtu inamtesa.

Unauliza hajambo. Anakula. Anatembea. Nguo anavaa ukimpangia. Mengine yanamtoka kama maji kwenye chekeche. Jana aliniita “nesi wa zamu”, akaniuliza kama chumba cha wazazi kimeshapigwa deki. Nikasema tayari, Sista. Ungefanyaje?

Ila wewe hujamtoka. Kila siku, chai ikishamiminwa: “Yule mwanaume wangu kashafika?” Namwambia bado. “Njia mbaya?” Namwambia njia nzuri, Mama, kazi tu. Anatikisa kichwa namna ile yake ya kukagua shuka.

Na lile jambo lenu analikumbuka. Ulikuwa umesimama mlangoni na sanduku lako, akakwambia: “Nenda. Radhi yangu naiweka hapa kizingitini, ukiitaka utaifuata mwenyewe.” Tangu hapo umekuja ukaondoka, umekuja ukaondoka, kila mara mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni, na hakuna aliyeligusa. Sasa analigusa yeye. Juzi ananiambia, “Akija nitampa. Si vizuri mtoto kutembea bila radhi, atajikwaa.” Nikamwambia nipe mimi, Mama, nitampelekea kwenye barua. Akanikazia lile jicho la wodini. “Dawa hapewi jirani wa kitanda. Anapewa mgonjwa.”

Kwa hiyo njoo. Njoo angali anakujua. Simjui daktari wa kuniambia ni lini itakuwa hapana, wala yeye hajui.

Dada yako

*

Jumapili, 25 Februari

Dada,

Barua yako niliifungua kazini, nikaifunga, nikaifungua nyumbani. Mteja mmoja alipata miwani yenye kioo cha kulia kushoto. Karudi akiniambia dunia imeinama.

Nakuja. Hilo nalisema kwanza lisije likazama chini ya maneno mengine, maana unanijua.

Ila siwezi kumwendea Mama mikono mitupu. Usiniambie hajali. Aliyeniambia radhi iko kizingitini alijua mimi ni mtu wa kuruka vizingiti. Nataka niingie nikiwa nimeshika kitu, nikae, nimpe, halafu mazungumzo yaanzie hapo. Wewe ulizaliwa na ulimi. Mimi nilizaliwa na vidole.

Sasa sikiliza somo la pili. Kuna kitu wanaoifanya kazi hii hukifanya mwishoni. Unazimua rangi ya kahawia mpaka iwe kama chai iliyochujwa mara ya pili, unammwagia shujaa mwili mzima. Dakika ya kwanza unadhani umemharibu. Kisha ile rangi inateremka yenyewe, inajikusanya kwenye mikunjo, na kila mkunjo ambao hukujua upo unaonekana. Nilimfanyia Kimulimuli hivyo, nikatazama joho lake, nikaruka kitini. Dada, lile ni joho la Mama! Lile fupi la usimamizi wa wodi, la buluu nzito nje na nyekundu ndani, alilokuwa akilitupia mabegani akienda zamu ya usiku. Tukilala tukimsikia anafunga kifungo cha shingo, tak. Picha ya boksini inasema joho ni la njano. Nimeamua picha ya boksini haimjui Mama.

Nitampaka Kimulimuli awe yeye. Nywele zake, viatu vyake vyeupe vya kamba, joho lake. Nitamwekea mkononi, nimwambie, tazama, Sista, nilikuwa nakuona hivi.

Nisaidie: ile bitana ilikuwa nyekundu gani?

Weka alama kwenye kalenda, Jumamosi tarehe 23 Machi. Ruhusa nimeshaomba. Tajiri kanitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi anaomba likizo.

Mdogo wako,
Fundi Joho

*

Jumanne, 5 Machi

Fundi Joho,

Nimelitoa kabatini kwa ajili yako, nikalitandika kwenye meza ya kukatia. Kwa hiyo andika vizuri.

Bitana si nyekundu ya pilipili unayoifikiria. Ni nyekundu ya tofali lililolowa. Kwenye bega la kushoto imepauka mpaka karibu na waridi, maana ndiko alikokuwa akimlaza mtoto wa wodini asiyenyamaza. Pindo limeshonwa upya mara mbili, mara ya pili ni mimi, na mshono wangu wa utoto unaonekana, umepinda kama njia ya mlevi. Kama brashi yako ina nguvu hizo za ajabu, upake na huo.

Na jambo jingine kutoka kwa mtu anayejua nguo. Sufu nzito haipepei kama leso. Hao waliomchonga shujaa wako hawajawahi kufua joho. Mikunjo iwe michache, minene, inayoanguka. Ukiweka mingi atakuwa amevaa karatasi.

Nimefurahi. Sijui kama naruhusiwa kuandika hivyo kwa mtu kama wewe, ila nimefurahi. Sitamwambia mapema, asije akakesha dirishani. Nitamwambia asubuhi ile ile. Nitamwogesha, nitamvika gauni la kijivu, nitamkalisha kiti cha karibu na mlango akufungulie mwenyewe. Hilo la mlango ndilo muhimu, unaelewa? Akikuona kizingitini atajua la kufanya.

Usije ukaniaibisha.

Ukifika usiogope ndoo jikoni. Bomba linavuja chini ya sinki, linadondoka usiku kucha kama mtu anayehesabu dhambi zangu. Fundi bomba kaahidi kuja wiki ile ya tarehe ishirini, siku hakusema. Ahadi za mafundi unazijua, maana nawe ni fundi.

Dada yako

*

Jumapili, 24 Machi

Dada yangu,

Najua ujumbe wangu wa jana asubuhi ulikufikia vibaya. Nilituma ujumbe wa maandishi kwa sababu ulisema sauti inamtesa, na maandishi hayana sauti. Sasa nieleze vizuri, ucheke ukitaka.

Ijumaa jioni nilikuwa nimemaliza. Dada, alikuwa Mama mtupu. Mikunjo minene mitatu, kama ulivyoagiza. Bitana ya tofali lililolowa, bega limepauka, hata mshono wako wa mlevi niliupaka kwa brashi yenye unywele mmoja, huku nikiilamba ncha ikae sawa na nikiwa nimeacha kupumua. Kilichobaki kilikuwa vanishi ya kupuliza, kumlinda asichubuke mfukoni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana. Nikatoka kibarazani, nikapuliza.

Hili ni somo la tatu, na kila mtu wa kazi hii hulijua isipokuwa mimi: usipulize vanishi hewa ikiwa na maji. Unyevu unanaswa chini yake. Nilimwingiza ndani, nikamweka chini ya taa, nikamwona anaanza kuwa mweupe. Kwanza pindo, halafu joho zima, halafu uso. Ukungu mzito mweupe, hautoki kwa kitambaa wala kwa maji. Mtoto wa jicho, Dada! Mimi, fundi miwani, nimempa Mama mtoto wa jicho mwili mzima.

Ningekuja na nini? Ningemwekea mkononi kile kimzuka? Begi lilikuwa limefungwa, liko mlangoni, na nilisimama kati ya begi na meza mpaka kukapambazuka. Nikaenda mezani.

Nimemtumbukiza kwenye dawa ya kuondoa rangi. Amerudi kijivu. Naanza upya, na safari hii nitangoja jua. Ni wiki mbili tatu tu. Mama amekwisha kuningoja miaka. Wiki mbili hazitamshinda. Msalimie, mwambie njia mbaya.

Mdogo wako, aliyeaibika

*

Jumamosi, 30 Machi

Ndugu yangu,

Barua imefika.

Nimekuelewa habari ya vanishi.

Bomba limetengenezwa. Mama hajambo, anakula vizuri kuliko zamani, na usingizi umemrudia. Anakuulizia.

Nina sare za darasa zima za kumaliza, sina nafasi ya kuandika zaidi.

Dada

*

Jumapili, 21 Aprili

Dada mkavu kama tosti,

Umeninunia, na haki yako. Barua yako niliipima mkononi, nikadhani ni bahasha tupu.

Nipo hatua ya macho, na macho ndiyo yaliyonikwamisha. Joho limerudi, zuri kuliko la kwanza. Lakini macho! Unapaka tundu jeusi, juu yake tone jeupe, juu yake nukta nyeusi ndogo kuliko chembe ya chumvi. Ukikosea kidogo, shujaa anakodoa kama aliyefumaniwa. Nimempaka nikamfuta, nikampaka nikamfuta. Kila nikipatia anakuwa ananitazama mimi. Lile jicho la wodini. Nashindwa kulala chumba kimoja naye, namfunika na kikombe.

Nikamwandikia mwenzangu yule aliyehama, akanipa siri. Anasema wote huanza kwa kumfanya shujaa atazame mbele, na ndipo wanapoharibu. Mfanye atazame pembeni kidogo. Nimejaribu, na kweli. Sasa anatazama dirishani, mtulivu, na mimi napumua.

Mwezi ujao, jua likitulia. Usiniwekee siku, siku ndizo zinazoniponza.

Bado ananiulizia?

Mdogo wako

*

Jumapili, 28 Aprili

Ndugu yangu,

Anakuulizia asubuhi na jioni. Anakuulizia akiosha uso, akilishwa, akibadilishwa shuka. Anauliza mpaka nyumba nzima imechoka kusikia jina lako.

Njoo na joho la kijivu. Njoo na kimzuka. Njoo na mikono mitupu, hiyo mikono yenyewe inatosha.

Njoo.

Dada

*

Jumapili, 19 Mei

Dada,

Nilifika salama. Naandika nikiwa bado na viatu.

Nilipokuwa kwako hatukuzungumza. Ulikuwa nyuma ya cherehani, nayo ikiunguruma, na kila nilipofungua mdomo ulikuwa na pini mdomoni mwako. Nikaona nitaandika. Mimi na wewe tumekwisha kuwa watu wa barua.

Nakueleza nilivyoona mimi, maana ulikuwa chumba cha pili. Nilibisha hodi. Mama alikuwa kwenye kile kiti chake cha karibu na mlango, akafungua mwenyewe, kama ulivyotaka siku ile nyingine. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara, kwa adabu kabisa, kama anavyotazamwa mgeni wa ofisi.

“Karibu, fundi,” akasema. “Ila umechelewa. Bomba limeshatengenezwa.”

Nikasema, “Mama, ni mimi.”

“Naona. Lakini halivuji tena. Mwanangu alikuja akalitengeneza.”

Nikacheka, Dada. Unajua ninavyocheka nikibanwa. Nikamwambia mimi si fundi bomba, mimi ni fundi miwani. Akafikiri kidogo, akasema, “Miwani yetu nayo haivuji.” Kisha akanikaribisha kiti, akakuita ulete chai, akaniuliza kama nyumbani kwangu wazee wapo.

Nikamtoa Kimulimuli mfukoni nikamwekea kiganjani. Na hapa, Dada, sijui nikueleze vipi. Alimjua! Aliligeuza joho akatazama ndani, akapitisha ukucha kwenye mshono wako uliopinda. Uso ukamfunguka wote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kazini, “Huyu sista wa usiku, zamu yake inaisha saa ngapi?”

Nikasema alfajiri, Mama.

“Atachoka,” akasema, akaenda kumsimamisha kwenye sinia ya dawa. Hakunitazama tena mpaka usiku, aliponiuliza kama nimekosa usafiri.

Nimempaka vizuri mpaka akajulikana, na mimi niliyempaka sikujulikana. Lichekeshe hilo, wewe uliyezaliwa na ulimi.

Nililala sebuleni. Alfajiri nikapita kizingitini peke yangu, nikasimama kidogo kama mpumbavu, nikaondoka. Usiku nilikwambia tu kwamba dukani wananihitaji. Nilisema uongo.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Mwana gani huyo aliyetengeneza bomba? Maisha yangu yote sijawahi kushika spana. Na umeniandikia asubuhi na jioni, akiosha uso, akibadilishwa shuka, ananiulizia. Nilikaa pale siku nzima na usiku wake. Sikusikia akiniulizia hata mara moja.

Mdogo wako

*

Jumatano, 29 Mei

Mdogo wangu,

Umeniuliza, nakujibu. Nitakueleza lilivyokuwa, bila kulipunguza wala kulitia chumvi.

Asubuhi ya tarehe 23 Machi nilimwambia leo mwanao anakuja. Aliinuka kitandani kama msichana. Nikamwogesha, nikamvika gauni la kijivu, akataka joho lake. Nikamwambia joto, akasema joho. Nikamtupia mabegani, kifungo akakifunga mwenyewe, tak. Akakaa kile kiti cha mlangoni, mikono magotini. Nikaenda jikoni kuangalia maji ya chai, na simu ikalia kile kilio chake kifupi. Nikasoma ujumbe wako karibu na ndoo. “Imetokea dharura, siji leo, nitaeleza.” Nilikuwa bado sijajua dharura yenyewe ni vanishi. Nilidhani umevunjika mguu.

Nikasimama na simu mkononi nikitafuta namna ya kumwambia. Ndipo hodi ikabishwa.

Alikuwa fundi bomba. Mtu mzima, mnene, kipara kama chako, begi la vifaa begani. Mama akafungua mlango, akamtazama pale kizingitini, akasema, “Umefika.”

Yule mtu akasema, “Nimefika, mama.” Ndivyo anavyojibu kila mtu mzima, hakujua kitu. Akasema, “Samahani, nimechelewa.”

“Umechelewa sana,” Mama akasema. “Na umenenepa. Huko wanakulisha nini?”

“Chochote, mama.”

Akanitafuta kwa macho juu ya bega la Mama. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Ningeweza kusema, Mama, huyu ni fundi bomba. Mdomo niliufungua. Ujumbe wako ulikuwa unawaka mkononi mwangu. Nikaufunga mdomo.

Mama akamwambia, “Njoo kwanza nikupe kabla hujaondoka tena. Piga magoti, wewe mrefu.” Naye akapiga magoti pale pale mlangoni, begi bado begani, spana mkononi. Mama akamwekea mikono yote miwili kichwani. Akampa radhi. Hakukosea neno, hakupotea njiani, alikuwa Mama yule yule wa zamani kwa muda wote wa kusema maneno yale. Yale maneno sitakuandikia. Hayakuwa yangu, na sasa si yako.

Kisha akampeleka jikoni, akamshikia tochi akiwa chini ya sinki, akimwambia asijilowanishe. Fundi akawa anaitika, “Ndiyo, mama. Sawa, mama.” Nilipomsindikiza nje nilimweleza Mama alimdhania nani. Alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, uso mzima umekuwa mweusi. Akaniambia, “Dada, mwambie ndugu yako mimi sikuja kuiba.”

Tangu siku hiyo Mama hakukuulizia tena. Chai ikimiminwa anakunywa. Usingizi umemrudia kwa sababu alikwisha kupata. Ulikuja, ulinenepa, ulipiga magoti, ulimtengenezea bomba. Ni mwana mzuri, anawasimulia wateja wangu. Nimemsikia akikusifu kwa mambo ambayo sikuwahi kukuona ukiyafanya.

Barua zote nilizokuandikia baada ya hapo kwamba anakuulizia, nilidanganya. Aliyekuwa anakuulizia asubuhi na jioni, akimwosha Mama uso na kumbadilisha shuka, ni mimi. Nilijua ukiambiwa mimi ndiye ninayekutaka hutakuja. Nikaazima jina la Mama, na bado ulikuja wiki tatu baadaye, ukalala usiku mmoja, ukaondoka kabla sijaamka. Pini nilizokuwa nazo mdomoni, mdogo wangu, nilikuwa nangoja uniambie nizitoe.

Shujaa wako yuko kwenye sinia ya dawa. Sikufichi, umempaka vizuri. Bitana umeipatia, na mshono wangu pia, mpaka niliona haya. Kila jioni Mama anamsomea majina ya wagonjwa waliolala vibaya, anamkabidhi zamu, kisha anajifunika. Mimi nakaa kitanda cha pili nawasikiliza. Zamu yangu sijapata wa kumkabidhi.

Bomba halijavuja tena.

Dada yako